Mlango wa Mama Pining

Saa moja na nusu asubuhi Lauro alikuwa amepiga magoti mbele ya saluni ya Mama Pining, anang'oa misumari. Uliopinda aliunyoosha kwa nyundo akautia kwenye kopo la maziwa, maana fundi hatupi msumari, hata siku anayofanya kazi ya aibu. Kufuli hakulivunja. Alilifungua kwa ufunguo aliopewa na mwenye saluni mwenyewe, na hilo ndilo lililomuuma.

Kapitan Balmes, mkuu wa mtaa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya uwanja wa mpira wa kikapu, anakunywa uji wa mchele na yai. Nyuma yake, ukutani, lilikuwa limetundikwa bango jipya la turubai. Uso wa Kapitan ulikuwa mkubwa kama tairi la lori. Uso wa Jovita, mtoto wa Lauro, ulikuwa pembeni, saizi ya kisahani. Chini yake waliandika, kwa jina la kiume alilozaliwa nalo: MTAA WOTE TUNAKUPENDA, JOVITO.

"Mang Lauro, ikifika saa nne hicho kibanda kiwe chini na jukwaa liwe juu," Kapitan alisema. "Watu wa runinga wanataka nyuma pawe safi."

"Kap, si tumngoje mwenyewe arudi?"

"Arudi ili iweje? Tuanze kubembelezana? Mimi Pining simchukii, ndiye anayemtengeneza mke wangu nywele. Na mtoto wako nimempigia kura mara thelathini, kamuulize mtu yeyote. Lakini kibanda kiko barabarani. Sheria ni msumeno, mzee wangu."

Gereji ya Kapitan ilikuwa imeila barabara hiyohiyo, tena kwa hatua mbili zaidi. Lauro alijua vizuri, kwani yeye ndiye aliyeijenga. Aliinama akaendelea na kazi.

Miezi mitatu mtaa haukuwa na habari nyingine ila Jovita. Waliingia kumi na wawili kwenye Nyumba ya Vioo, shindano la runinga, wakawa wanatazamwa na nchi nzima wakila, wakilala, wakigombana, na kila wiki kura za simu zilimtoa mmoja. Walikuwa wamebaki watatu. Wanawake waliokuwa wakiwavuta watoto wao kando Jovita alipopita, sasa walivaa fulana zenye picha yake. Leo saa sita mchana ndiyo fainali, na kamera zingekwenda nyumbani kwa kila mmoja, aonane na wazazi wake mubashara.

Juzi Kapitan alimwita ofisini. "Jukwaani watapanda watatu tu," alimwambia. "Mimi, padri, na mzazi. Mzazi anaweza kuwa wewe. Anaweza pia kuwa shangazi yake wa Batangas, nimeshaongea naye kwenye simu. Sasa hiyo saluni, nani ataibomoa?"

Mama yake Jovita alikuwa amekwishafariki. Lauro hakuwa amesema na mtoto wake kwa miaka minane. Akajibu kwamba ataibomoa yeye.

Miaka minane nyuma alimkuta mtoto amevaa gauni la marehemu mama yake. Alimburuta hadi mbele ya duka la jirani, akamkata nywele kwa mkasi wa kukatia mabati, watu wanatazama, wengine wanacheka. Mtoto hakulia. Aliuliza tu, kwa lile jina la kumwitia baba, "Umemaliza, Tay?" Kisha akatembea hadi kwenye mlango huu wa saluni, unaoonekana kabisa kutoka kwa Lauro, akaingia. Hakurudi tena kwa baba yake. Kwa miaka minane Lauro alipita hapa akitazama upande mwingine, na laiti angejua namna ya kubisha hodi, angebisha.

Ni Mama Pining aliyemwanza. Jana jioni alimwita kutoka mlangoni, roli za nywele za plastiki zimejaa kichwani mwake, bakla, yaani mwanamume wa kuzaliwa anayeishi kike, wa miaka sitini na ushee, mwenye sauti ya kupasua mabati.

"Wee Mang Lauro, mpaka lini utanipita kama mkojo wa mbwa? Njoo hapa, sikuli."

Lauro alikwenda.

"Hii bawaba inalia kama bibi harusi aliyeachwa. Kesho Jovita atataka auone mlango, namjua. Sasa kamera ije, mlango ulie, nchi nzima isikie? Mie alfajiri nina maiti wa kumpamba kule mjini, mpaka saa nne nitakuwa nimerudi. Shika ufunguo. Tia bawaba mpya, na ukimaliza ukae humo ndani upigwe na feni. Kiti cha Jovita ni kile cha dirishani."

"Mama Pining," Lauro alianza.

"Usinilipe maneno, mzee. Nilipe bawaba."

Alikwenda kuinunua kweli. Hata sasa ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye karatasi ya dukani. Aliinunua akijua atakachokifanya asubuhi.

Saa tatu paa na kuta vilikuwa chini. Ulibaki mlango kwenye fremu yake. Alipoufungua ili afikie bawaba, aliona upande wa ndani. Mtaa wote uliijua desturi ile, ila yeye hakuwahi kuiona kwa macho. Bakla yeyote aliyefukuzwa kwao akalala kwa Mama Pining, kulipokucha alipaka rangi ya mdomo akaubusu mlango kwa ndani, na chini ya busu akaandika jina alilojipa mwenyewe. Midomo ilikuwa zaidi ya thelathini, mingine imefifia mpaka ikawa rangi ya kutu. Karibu na kitasa ulikuwa mdomo mdogo, mwekundu, na chini yake herufi za shule: Jovita. Na tarehe. Ilikuwa kesho yake ya siku ya mkasi.

Lauro alisimama hapo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Mbao zinatosha?" Kapitan aliuliza kutoka kwenye kiti.

"Ngazi ndiyo haijapata mbao."

"Si huo mlango? Mbao ngumu hiyo."

Aliulaza chini, midomo ikitazama udongo, akaupigilia uwe kidato cha kupandia jukwaani. Alitumia misumari ileile ya kopo. Kila alipopiga nyundo aliona haya, na aliendelea kupiga.

Mama Pining alirudi saa nne unusu, kisanduku cha vipodozi mkononi. Alisimama pale palipokuwa na saluni yake. Alichuchumaa akaanza kuokota roli na vitana vilivyomwagika, akavitia kwenye beseni kimoja kimoja. Lauro alikuwa hatua sita kutoka hapo. Alishika msasa akawa anasugua ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Ilipofika saa sita uwanja ulikuwa umefurika. Runinga kubwa iliwekwa jukwaani chini ya turubai, na kamera ikawaelekea watatu waliosimama: Kapitan, padri, na Lauro ndani ya shati la kuazima. Kwenye kioo akatokea Jovita, gauni la dhahabu, nywele zimefika kiunoni.

"Jovita, tazama nani yuko hapo," mtangazaji alimwambia. "Ni baba."

Jovita alitazama.

"Tay," alisema.

Wiki nzima Lauro alikuwa amejifunza maneno ya kusema, ameyarudia hata chooni. Sasa hakuna hata moja lililobaki.

"Umekula?" aliuliza.

Watu waliangua kicheko. Jovita naye alicheka, na kucheka kwake kukamwaga machozi. "Nimekula, Tay. Wewe je?"

"Bado."

"Ule basi." Alifuta macho kwa kidole, asiharibu wanja. "Na Mama yuko wapi? Jamani, nionyesheni Mama. Nionyesheni mlango wetu."

Mwenye kamera alimtazama Kapitan. Kapitan alikuwa mwepesi kuliko wote, akanyakua kipaza sauti. "Mama Pining huyu hapa! Mpisheni, mpisheni, ni fahari ya mtaa!"

Walimsukuma kutoka pembeni alikokuwa amesimama na beseni lake. Alipanda kile kidato, akafika mbele ya kamera. Jasho lilikuwa limemchora mistari kwenye poda. Alivuta pumzi, kisha akatabasamu kwa meno yote.

"Wee mtoto, nani kakupaka hizo nyusi? Ukitoka huko nitakushtaki."

Uwanja ukavuma kwa kicheko. Jovita alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Mama, umefunga saluni?"

"Nimefunga mapema nije kukutazama. Leo hata rais aje, hatengenezwi nywele."

"Na mlango bado unalia?"

Mama Pining hakumtazama Lauro. "Haulii tena," alisema. "Baba yako alikuja mwenyewe, na nyundo yake."

Jovita alitia kiganja mdomoni. "Tay. Umeingia kwa Mama?"

Kipaza sauti kililetwa mbele ya Lauro. Angeweza kusema ukweli. Watu milioni wangesikia, na Kapitan asingeweza kulirudisha neno kinywani mwake. Lakini mtoto alikuwa anamtazama namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu akiwa mdogo.

"Nimeingia," alisema.

"Asante, Tay. Basi yamekwisha. Yamekwisha kabisa."

Umati ulilipuka, ukapigapiga miguu, jukwaa likatikisika. Padri alipiga makofi. Kapitan alimkumbatia Lauro kwa mkono mmoja, uso kwenye kamera, mpaka taa nyekundu ya kamera ilipozimika. Kisha akamwachia.

"Safi sana. Mbao zitakazobaki, Mang Lauro, zipeleke gereji kwangu."

Kura zilikuwa zinahesabiwa bado. Mama Pining alikuwa anashuka, na Lauro alimfuata, maana ilibidi amwambie kitu.

"Sikusema vile kwa ajili yako," Mama Pining alimwambia taratibu. "Jovita ana uso wa kuonyesha nchi nzima leo, sikutaka kumharibia. Niambie tu, mlango wangu umeuweka wapi?"

Macho ya Lauro yalishuka mpaka kwenye ndara za Mama Pining. Naye akatazama chini, akauona ubao aliokuwa amesimama juu yake, na tundu la kitasa. Akaruka kando kwa haraka.

Lakini watu walikuwa wameanza kupanda kupiga picha na bango, fulana za Jovita moja baada ya nyingine, wanasukumana, wanacheka, wanakanyaga. "Samahani, Mama," walimwambia Pining kwa heshima walipompita. Alisimama amekumbatia beseni la roli. Lauro alisimama karibu naye, mkono mfukoni, ameishika bawaba mpya ndani ya karatasi yake.