Mwezi Aliouona Bi Suad

Jumamosi ile, tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa Kiislamu, Bi Suad alipanda darini kuanua nguo. Alianua mashuka mawili, foronya nne na kanzu ya mwanawe Abdulaziz, na vibanio akavitia katika lile kopo la samli lililokatika mkono mwaka juzi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama huko nyuma ya mtaa wa Shika Adabu. Upande wa magharibi palikuwa na wingu jembamba, rangi ya chai ya maziwa. Aliliangalia kwa muda wa kukunja shuka moja, akashuka ngazi, akasema:

"Mwezi umeandama. Nimeuona kwa macho yangu."

Dhahabu, mjane wa mwanawe mkubwa Nawaf, alimsikia kutoka chumba cha pili.

Nawaf alifariki zikiwa zimesalia siku kumi mwezi kwisha. Kwa hivyo eda ya Dhahabu, ya kukaa nyumbani kwa mumewe asilale penginepo, ilikuwa siku zile kumi na miezi minne ya kuandama. Mwezi ukionekana jioni ile, eda imekwisha. Usipoonekana, umebaki usiku mmoja na mchana wake. Kakake, Baya, dereva wa lori la vitunguu, alikuwa aje kumchukua Jumapili jioni akishashusha mzigo sokoni Kongowea. Wazee wa pande zote mbili walikubaliana hivyo. Lakini Abdulaziz alikuwa amekitangaza chumba cha Dhahabu kwenye mtandao, kikodishwe kwa wageni, na mgeni wa kwanza alikuwa anaingia Jumamosi.

"Umeuona wewe peke yako, mama?" Dhahabu aliuliza.

"Kwani macho yangu si macho?"

"Ni macho, mama."

Abdulaziz akalibeba godoro la Dhahabu mpaka nje ya geti, akaliegemeza ukutani. Dhahabu akalilaza chini, akaketi juu yake na furushi lake la nguo. Jirani wa mkabala, Bi Shaza, akavuka njia.

"Njoo ulale kwangu, mwanangu. Mbu hawa watakumaliza."

"Ahsante, Bi Shaza. Eda yangu yaisha kesho. Silali nyumba ya mtu. Hapa ukutani ndipo karibu zaidi na nyumba ya mume wangu."

Bi Shaza akarudi kwake, akamletea dawa ya mbu ya kuchoma na kisahani cha kuiwekea.

Mgeni alifika saa moja na nusu. Aliitwa Mueni, alifanya kazi kiwanda cha sabuni huko Athi River, na likizo yake yote alikuwa ameiweka kwa kupiga picha za nyota. Alimpita Dhahabu getini, akamsalimu, akaitikiwa. Alidhani ni mtu anayehama, anangoja gari. Ndani akapewa chai na mahamri manne.

"Shanzu niliambiwa taa za hoteli ni mingi sana," Mueni alisema. "Na hii tarehe nimeichagua makusudi, Bi Suad. Leo mwezi hakuna kabisa. Nimeangalia kwa kalenda."

Bi Suad akamwongezea sukari bila ya kuulizwa. Abdulaziz alikuwa anatafuta kitu chini ya meza.

"Na kama hamjali," Mueni akaendelea, "ile taa ya geti inaweza kuzimwa? Inaharibu nyota."

Bi Suad aliizima kwa mkono wake mwenyewe.

Darini, Mueni alisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaliacha jicho lake wazi nusu dakika. Picha ya kwanza ilitoka vizuri. Upande mmoja kulikuwa na mwanga wa bandari, nyota zilijaa kama chenga za mchele kwenye ungo, na katikati ya nyota hizo, angani, alikuwako Dhahabu, ameketi juu ya godoro lake, shavu mkononi. Moshi wa dawa ya mbu ulikuwa umepanda wima. Mueni alikifuta kioo cha kamera, akapiga tena. Dhahabu alikuwa amebadilisha shavu. Akainua macho bila kamera, akamwona kule kule. Akachungulia nje juu ya ukuta wa dari, akamwona na chini pia, gizani, kwenye godoro hilohilo. Ndipo akamwita mwenye nyumba.

Bi Suad alipanda, akatazama juu.

"Huyo ni mkazamwanangu."

"Anafanya nini huko?"

"Amaliza eda."

Mueni alikuwa hajui eda ni nini. Bi Suad akamweleza polepole, siku kumi na miezi minne, kama mtu anayefundisha kupika. Alipofika kwenye mwezi wa mwisho akainama kuokota kibanio ambacho hakikuwapo.

"Kwa hivyo kile chumba nimepewa ni chake," Mueni alisema.

"Ni chumba cha wageni."

"Basi mimi nilale kwa sofa, yeye aingie."

"Mgeni wangu alale sebuleni? Watu watanisema."

Mueni alifunga kamera, akaenda chumbani, akalala juu ya godoro jipya ambalo bado lilikuwa na nailoni yake. Nailoni ililia kila alipojigeuza. Alikuwa amejiambia kwamba asubuhi atakwenda getini kuomba radhi. Asubuhi ilipofika Dhahabu alikuwa ananawa uso kwenye mfereji wa Bi Shaza, na Mueni akatokea mlango wa nyuma, akaondoka siku mbili kabla ya wakati wake.

Jumapili jioni mwezi uliandama. Ulikuwa mwembamba, na mtaa mzima uliuona, hata watoto wa chuo cha Kurani waliokuwa wakigombea mpira. Bi Suad alifunga dirisha. Dhahabu aliutazama, akasimama, akalikung'uta godoro. "Sasa imekwisha," alisema. Baya akalifunga godoro juu ya lori kwa kamba ya magunia, kisha akapiga hodi.

"Bi Suad, shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibuni chai."

"Tushashiba. Nimekuja kukupongeza macho tu. Wauona mwezi kabla haujazaliwa!"

Wakaenda zao Mariakani. Lakini yule Dhahabu wa juu angani hakuondoka. Kila kulipokucha alififia, na kila giza lilipoingia akawa yupo, juu ya nyumba ile moja. Majirani walimzoea. Bi Shaza ndiye aliyelalamika, tena ni kwamba wangempa mto.

"Mama," Abdulaziz alisema siku moja, "mwite alale usiku mmoja tu chumbani kwake. Atashuka."

"Nitamwita."

Lakini picha ya Mueni ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu, na wageni wakawa wanakuja na kamera zao. Chumba kilijaa hadi Disemba. Bi Suad alipiga simu.

"Shikamoo, mama," Dhahabu aliitikia. Nyuma yake palisikika lori na watu wakibishana juu ya viazi.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Bi Suad alikuwa na maneno, akayazungusha, akayameza. "Nalikuwa nauliza... ile sufuria yenye mfuniko wa buluu, uliichukua?"

"Iko uvunguni mwa kabati, mama."

"Ahaa. Na huyu wa huku juu..."

"Huyo simjui mie. Mie niko huku nauza. Lakini akikuuliza, mwambie bado usiku mmoja."

Bi Suad alisema inshallah, akakata simu.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, watu wa mtaa walitoka njiani kuutafuta, wakaulizana mlango kwa mlango nani kauona. Mlango wa Bi Suad waliupita. Alikuwa darini saa ile, ameinamisha kichwa. Kila jioni humpelekea yule wa juu shuka safi, akaliweka pembeni ya ukuta. Kisha hushuka na kuzima taa ya geti, maana wageni wanataka giza. Alfajiri huipanda tena ngazi. Shuka hulikuta palepale, limelowa umande, limekunjwa mikunjo ileile aliyoikunja yeye.