Mbele ya Mkwe

Fundi saa alifika wodini ameegemea bega la mkwewe, uso umevimba, kichefuchefu hakimpi nafasi. Siku mbili hakutia kitu tumboni. Daktari kijana alisoma majibu ya damu akakunja uso: figo zilikuwa zimeshindwa kazi ghafla. Akachukua simu atafute hospitali yenye mashine ya kusafisha damu.

Muuguzi wa zamu, mama mwenye miaka ishirini na mbili kazini, hakuwa na papara.

"Mzee, mkojo unatoka?"

Mzee alimtupia jicho mkwewe, aliyesimama kando mikono nyuma kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Unatoka. Vizuri tu."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Za kutosha."

Muuguzi akashtukia jambo. Akamgeukia mkwe. "Baba, hebu nenda mapokezi ukaniletee faili lake. Usikimbie."

Mlango ulipofungwa, mzee alishusha pumzi. "Sasa mwanangu, nitasemaje habari za mkojo mbele ya mume wa binti yangu? Tangu juzi ni matone tu. Miezi mingi nasimama chooni mpaka miguu inakufa ganzi. Halafu nikapata mafua, nikameza vidonge vya dukani, basi, kukaziba kabisa."

Muuguzi akaweka kiganja chini ya kitovu chake. Pagumu, pamejaa ndi!

"Daktari, weka simu chini kwanza. Huyu njia imeziba."

Ilikuwa tezi dume iliyokua, na vile vidonge vya mafua vikamalizia kazi. Mpira wa mkojo ulipoingia, mfuko ulipokea lita moja na nusu. Mzee akafumba macho, akacheka peke yake.

"Jamani, nimezaliwa upya!"

Daktari naye akacheka, nusu furaha, nusu haya.

Kazi haikuishia hapo. Figo zilizofunguliwa zilimwaga mkojo kama bomba lililopasuka. Muuguzi alipima kila saa, daktari akarudisha maji kwa dripu mzee asije akakaukiwa. Siku ya nne majibu ya damu yalikaribia kawaida.

Wakati wa kuruhusiwa, tezi ilikuwa bado haijatibiwa, ikabidi mzee aende nyumbani na mpira wake.

"Nani atakusaidia kumwaga mfuko?" muuguzi akauliza.

Mkwe akakunja mikono ya shati. "Nionyesheni."

Mzee akajifunika uso kwa kofia. Mkwe alipoinama kufungua koki ya mfuko, sauti ikatoka chini ya kofia:

"Taratibu basi, baba. Hivyo viatu vyako ni vipya."