Jicho la Mbali

"Mama, unapenda jicho la mbali ao la karibu?"

Daktari Florentin aliniuliza hivyo kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chai itiwe sukari. Nilikuwa mbele ya mashine yake, kidevu kimekaa juu ya kibao, paji la uso limebanwa. Nikakivuta kichwa kama mtu aliyegusa jiko la moto, nikasema naomba kwenda kupunga hewa. Binti yangu Déborah akashusha pumzi ndefu, maana asubuhi hiyo nilikuwa nimekwisha kukimbia kiti kile, na benchi la nje pia.

Mimi ni Mwadi, fundi wa kushona, mjane wa Badibanga aliyefanya kazi ya reli hapa Kindu. Watu husema macho hayana pazia. Mimi langu nilizaliwa nalo. Cha karibu nilikiona hata kikiwa tundu la sindano nyembamba, lakini kilichovuka ua wangu kiliyeyuka. Uzeeni akaja mtoto wa jicho, akaziba hata hicho cha karibu. Nikaanza kushona mikono ya blauzi mahali pa shingo, na wateja wakawa wananicheka kwa adabu. Siku niliyojimwagia mafuta ya moto mkononi nikidhani ni sufuria, Déborah hakubishana nami tena. Madaktari wa macho walikuwa wamefika mjini kwa kampeni ya kutibu watu, basi akanipakia kwenye pikipiki kama gunia la mchele.

Alikuwa amesoma katika simu yake habari za mwanga unaochonga uso wa jicho, mtu akaamka kesho yake na kutupa miwani. Daktari akamwambia taratibu kwamba huo ni wa vijana, ambao kioo cha ndani ya jicho bado ni safi. Changu kimechafuka, hakuna ila kukitoa na kuweka kingine kidogo cha plastiki mahali pake. Na kwa kuwa jicho langu ni refu kuliko ya wengine, picha ikawa inaanguka kabla ya kufika ukuta wa nyuma wa jicho, kioo kipya kingeweza kurekebisha na hilo. Kikipimwa kwa mbali, nitaona ng'ambo ya mto, na kwa kushona nitavaa miwani. Kikipimwa kwa karibu, nitatunga uzi bila kitu usoni, na mbali kutabaki na ukungu wake wa siku zote. Kipo kioo cha kufanya yote mawili, lakini hicho hakijafika Kindu. Safari hii wangenipasua jicho la kulia tu. La kushoto lingengoja kampeni nyingine.

Déborah alijibu kabla yangu kwamba tunataka la mbali. Nani mwenye akili timamu angechagua ukungu? Mimi nikatoka nje.

Ukungu wangu una historia yake. Wakati wa vita, treni ilipoacha kuja na majani yakaota katikati ya reli, chumvi ilikuwa kitu cha kunong'onezana. Askari waliingia nyumba hadi nyumba. Mmoja aliichukua miwani yangu, akaivaa, akapepesuka nayo uani huku wenzake wakicheka, akaenda zake nayo. Mwanangu wa kwanza, Désiré, alikuwa kijana mwenye baiskeli na asiyejua kukaa bure; hilo alilirithi kwangu. Akasema atapeleka mafuta ya mawese Lubutu na kurudi na chumvi na sabuni. Nilimkataza, nikalia, kisha nikamfungia chakula, kwa sababu nyumba ilikuwa na njaa.

Ilimbidi avuke mto Lualaba kwenda Alunguli, ndipo aishike njia ya porini. Kwetu, ukimsindikiza msafiri mtoni, hugeuki mpaka apotee machoni. Kumpa mgongo angali anaonekana ni kumkatia njia ya kurudi. Lakini mimi mwanangu alinipotea mtumbwi ukiwa haujaondoka sawasawa ufukweni. Nilibaki naangalia mng'ao wa maji. Jirani yangu Fidélie akanishika kiwiko, akawa ananisimulia. Sasa wako katikati. Sasa anageuka, punga mkono. Nikaupungia mwanga. Sasa anapandisha baiskeli. Aliponiambia sasa amepotea, tukarudi.

Désiré hakurudi. Wengine walisema wenye baiskeli walivamiwa msituni. Wengine, alionekana Lubutu na chumvi yake. Mwingine akaapa kwamba yuko Kisangani na mke mnene. Hapakuwa na mwili wala kaburi, wala mtu hata mmoja wa kusema nilimwona kwa macho yangu. Ndugu za marehemu mume wangu walitaka tufanye matanga, tumlilie, tuondoe mikeka, maisha yaendelee. Niliwafukuza. Nikawaambia mtu halilii msafiri.

Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kushika mkasi nilikwenda mtoni. Mtumbwi ukitoka ng'ambo, kila mwanaume aliyesimama ndani yake alikuwa Désiré. Alikuwa na mabega yake na ule mtindo wake wa kuinamisha kichwa. Fidélie alinifuata, kwanza kwa huruma, baadaye kwa mazoea. Nilikuwa namuuliza, "Ule?" Naye alingoja mtumbwi usogee, kisha akasema, "Haiko yeye." Ndipo tunarudi nyumbani. Vita vilipokwisha Déborah aliniletea miwani mipya kutoka Goma, nami niliivaa kanisani tu, naye akadhani ni maringo ya kizee. Ukweli ni kwamba kwa miwani, kila mtu alikuwa mtu mwingine tangu akiwa ng'ambo. Bila miwani, kwa muda wa kuvuka mto, nilikuwa na mwanangu. Nilimpenda mwanangu huyo wa ukungu, na sikuona aibu.

Basi nilipotoka kwa daktari nilimkuta Fidélie kwenye benchi, ameinyoosha miguu yake iliyovimba, mfuko wangu mapajani. Alikuwa amekuja kunishikia vitu. Nilimweleza swali la daktari na kwamba nitajibu karibu, kwa ajili ya cherehani. Nilijua atakubali, kwa kuwa hakuwahi kunipinga. Akasugua magoti.

"Mama Désiré," akasema, "miye nimechoka. Kila asubui unaniuliza, na kila asubui ni miye namuua mutoto wako. Weye unarudi unashona. Miye narudi na yeye ndani ya roho."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia hakuna aliyemfunga kamba kumleta mtoni. Maneno yalifika mdomoni, nami nikamsogelea niyaseme vizuri, na hapo nikagundua kwamba hata kwa karibu vile uso wake ulikuwa wingu. Rafiki yangu alikuwa amezeeka kando yangu, nami sikujua amezeeka namna gani. Nikayameza maneno yale.

Nikarudi ndani, nikaweka kidevu juu ya kibao. "La mbali," nikasema.

Upasuaji wenyewe haukuumiza. Walilitia jicho ganzi, nikaona mwanga na maji, nikasikia daktari akiniomba, kwa heshima zote, nitulize vidole vya miguu. Baadaye alinikataza vumbi, moshi na kuinama, na kukaa ndani siku hizo kulinitesa kuliko kisu. Nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikaruhusiwa kutoka.

Fidélie alinikuta njiani kama kawaida, ingawa sikumwita. Tukasimama ufukweni. Sikujua kwamba Alunguli ina miti inayohesabika, mmoja mmoja, wala kwamba mtu anaweza kumwona mwanamke wa ng'ambo akimsugua mtoto masikio. Mtumbwi ulikuwa unakuja. Ndani yake alisimama mwanaume ameshika baiskeli.

Nilifunika jicho la kulia kwa kiganja. Kwa la kushoto alikuwa Désiré, mzima, na ujana wake uleule, hajaongeza hata siku. Nilimwacha avuke kidogo. Kisha nikatoa mkono. Alikuwa mtu mnene wa makamo, kofia nyekundu, anabishana na mpiga kasia na kucheka. Hakufanana na mwanangu hata kidogo.

Fidélie alikuwa anatazama miguu yake, anangoja nimuulize. Sikumuuliza.

"Mama Fidélie," nikasema, "tumwambie Déborah atafute turubai. Tufanye matanga ya Désiré."

Aliketi palepale mchangani, na miguu yake ile mibovu, akaanza kulia kwa sauti, akimwita mwanangu kwa jina. Waliotoka mtumbwini wakapunguza maneno, wakatupita. Mimi machozi yalikuwa bado mbali. Nikakaa kando yake, nikamwacha atangulie.