Magodoro ya Bwana Mustafa

Magodoro yalikuja kwa lori, Bwana Mustafa akaja kwa gari lake dogo na mpiga picha pembeni, maana bwana huyu hatoi hata kikombe cha maji bila kamera kushuhudia.

Odete, mlezi wa kituo cha yatima pale Mtawanya, aliwapokea uani. Tangu asubuhi alikuwa amewaogesha watoto, akawapaka mafuta na kuwavalisha nguo za Idd, Waislamu kwa Wakristo. Kwao Odete, mgeni hapokewi na nguo za shambani. Ukimpokea hivyo umemdharau yeye na umejivunjia heshima mwenyewe. Nguo zenyewe fundi wa mtaani alizishona kwa mabaki ya vitambaa, na kwa kuwa zilivaliwa kwa nadra, rangi bado ilikuwepo.

Chumbani watoto walilalia mikeka iliyotandikwa juu ya magunia ya korosho. Mvua zilikuwa zimeanza, sakafu ilitoa unyevu, na Husna, mdogo kuliko wote, kikohozi kilikuwa hakimwachi. Odete aliyataka magodoro yale kwa roho yake yote.

Bwana Mustafa aliwatazama watoto, akakunja uso.

"Mama, hawa ndio yatima?"

"Ndio, baba."

"Mbona wamependeza?"

Odete alidhani anasifiwa, akashukuru. Maskini, hakumjua mtu wake.

"Wachangiaji wangu wakiona picha hizi wataniuliza namsaidia nani," alisema Bwana Mustafa. "Hawa hawana shida. Kuna wenye shida Nanyamba, tutawapelekea wao." Akampungia dereva mkono asifungue turubai.

"Ingia kwanza ndani, baba, uone wanapolala."

"Nimeona vya kutosha."

Alikuwa hajaona kitu. Hata kizingiti hakukivuka, asije akachafua viatu vyake vya kung'aa. Mtu mzima na tumbo lake, amefunga safari kuchagua yatima kama anayechagua nyanya sokoni, na zilizo nzuri anazikataa!

Odete alikuwa na maneno ya kumwambia, tena ya Kimakonde, yasiyo na adabu hata kidogo. Ila nyuma yake Husna alikohoa. Odete akayameza yote.

"Wanangu," alisema bila kumtazama mgeni, "ingieni ndani mkavue. Vaeni zile za kulimia mihogo."

Walitoka wamevaa matambara, miguu peku. Bwana Mustafa akachangamka hapo hapo! Akambeba Husna, yule yule aliyekuwa hana shida, akageuza uso kuelekea kamera.

"Usicheke, mtoto mzuri," alimwambia. "Angalia chini kidogo."

Husna akaangalia chini. Picha zikapigwa, magodoro yakashushwa, na Bwana Mustafa akaondoka ameridhika na wema wake.

Kikohozi cha Husna kilipungua, na Odete akajiambia kwamba aibu ile imepita. Idd ilipofika alifungua sanduku, akatoa nguo na kuwaita watoto. Hakuna aliyenyoosha mkono. Husna alikuwa amekaa juu ya godoro lake, ameng'ang'ania kingo zake, na gauni la kulimia mwilini.

"Vaa, mwanangu, leo sikukuu."

"Sitaki," alisema Husna, macho chini, kama alivyofundishwa. "Wakituona watayachukua."