Uzito Ulioripoti Kazini

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, Sista Waithera alifika kwenye lango la wafanyakazi wa hospitali akiwa na flaski ya uji, vikopo vitatu vya chakula kilichopondwa, na barua ya daktari ndani ya bahasha ya kaki. Baridi ya mlima Menengai ilikuwa imeshuka hadi mjini Nakuru, na Naftaly, askari wa lango, alikuwa amejifunga skafu juu ya kofia. Alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akafungua kitabu cha mahudhurio na kutelezesha kidole kwenye mistari.

"Karibu, sista. Umepungua, wee! Lakini wewe umeshaingia."

"Nimeingia saa ngapi?"

"Saa moja kasoro kumi, kama kawaida yako. Si hii ni sahihi yako?"

Ilikuwa sahihi yake, ile W yenye mkia. Waithera aliuliza alikuwa amevaa nini alipoingia. Naftaly alisema sare ile kubwa ya zamani, yenye pini ya kushikilia kifua. Kisha akamfungulia, kwa sababu mtu aliyekwisha kusaini hawezi kuachwa nje.

Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu apasuliwe Nairobi. Daktari wake, Ooko, alikata tumbo likabaki la ukubwa wa ndizi moja. Alienda kupona Karagita, katika chumba kimoja alichopanga dadake Wangare, ambaye kila jioni alirudi kutoka shamba la maua na mawaridi yaliyovunjika shingo. Kila Jumapili Waithera alipima uzito kwenye duka la dawa. Kilo ziliondoka, mbili wiki hii, tatu wiki ile, hadi zikafika thelathini na mbili. Hakuuliza zinakwenda wapi. Daktari alisema zinayeyuka, naye aliamini, kwa kuwa kila mtu huamini hivyo.

Zilikuwa zikienda kazini.

Jepkemei, muuguzi mwenzake wa Wadi Nne, alimsimulia wakati wa ripoti ya asubuhi, katikati ya habari za dripu na vidonda. Wiki ya kwanza Uzito ulikuja mdogo, kama mtoto wa nasari, sare ikiburura sakafuni. Ukapewa kazi ya kukunja shuka. Wiki ya tatu ukaweza kufikia kabati la dawa. Kufikia mwezi wa pili ulikuwa ukibeba wanaume wazima kutoka kitandani hadi kwenye machela, peke yake, bila kuguna.

"Matroni aliona hakuna haja ya kuomba mtu wa kukushikia nafasi," Jepkemei alisema. "Si uko?"

Uzito ulikuwa penye kitanda cha tisa, ukimgeuza Mzee Gathogo. Ulikuwa na mgongo wa Waithera na viwiko vyake vyenye vishimo. Ulimgeuza mzee kwa mtindo ule ule wa Waithera, goti moja kwenye godoro, mkono mmoja chini ya nyonga, na ulipomaliza ukampigapiga begani mara mbili. Kisha ukaenda kitanda cha kumi. Haukuangalia nyuma.

Wadi Nne ni ya wanaume waliovunjika mifupa: waliogongwa na pikipiki kwenye barabara kuu, walioanguka kutoka mitini, wazee waliojikwaa nyuani kwao. Siku hiyo walikuwa arobaini na mmoja kwenye vitanda ishirini na vinane, na ishirini na sita kati yao hawakuweza kujigeuza. Mtu asiyejigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo huoza. Kwa hiyo wadi ina saa zake: saa mbili, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Wauguzi wawili wakisaidiana humaliza mzunguko kwa saa moja. Muuguzi mmoja akiwa peke yake humaliza ikibaki dakika tano tu kabla ya kuanza tena.

Kwa miaka kumi na miwili Waithera aligeuza watu kwa saa hizo. Hakula mchana. Alikula usiku, akiwa amesimama jikoni, sufuria nzima ya mukimo na chochote kilichokuwa karibu, kisha akalala. Mwili ukaongezeka, sukari ikapanda, magoti yakaanza kulia kama bawaba. Wagonjwa walimpa jina Sista Kanta, kama lori, naye alicheka nao. Matroni Chemutai alipenda kumwambia mbele ya wengine, "Wewe una mwili wa kazi." Waithera aliichukua kauli ile kama medali, akaivaa.

Saa tatu alipeleka bahasha kwa Matroni. Barua ilisema mambo mawili: asinyanyue kitu kizito kwa miezi mitatu zaidi, na ale kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, akiwa ameketi, dakika kumi.

Matroni aliisoma akiwa amevua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wadi tano na wauguzi tisa.

"Hili la kunyanyua limejitatua," alisema. "Yule ananyanyua. Na hili la kula, nani amekukataza? Kula, mama. Angalia tu saa."

Kisha akachukua kalamu na rota ya zamu. Katika mstari wa Wadi Nne aliandika Waithera A na Waithera B. Hao ni wauguzi wawili. Jina la Jepkemei akalifuta na kulihamishia wadi ya kina mama, ambako mjamzito alikuwa amejifungulia kwenye benchi wiki iliyopita. Jepkemei alibeba kikombe chake na kandambili zake akaondoka kabla ya chai.

"Sasa wewe, Waithera A," alisema mlangoni, "usiache B akuzoee."

Siku ya pili, saa nne, Waithera aliingia stoo ya shuka, akaketi juu ya marobota, akafungua flaski. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka na kijasho kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo, kama daktari alivyomwonya. Alimeza kijiko cha kwanza, akangoja. Cha pili. Uji ulikuwa wa wimbi, wenye maziwa na chumvi kidogo kama dadake alivyomfundisha. Kijiko cha tatu kilipopita kooni, alisikia kishindo.

Uzito ulikuwa umemshika Mzee Gathogo chini ya kwapa. Waithera alipokula, kilichokuwa chake kilianza kumrudia, na mikono ya Uzito ikalegea, si sana, kama ya mtu aliyepigwa na jua machoni. Mzee aliteleza, nyonga iliyotiwa chuma siku tatu kabla ikagonga ukingo wa kitanda.

Mzee Gathogo alikuwa mkulima wa viazi wa Dundori, mtu wa maneno machache. Alilala pale sakafuni akivuta pumzi kati ya meno, akautazama Uzito, kisha akamtazama Waithera aliyekuwa amesimama na kijiko.

"Nani amekula?" aliuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Ni sawa, msichana wangu. Lakini ungengoja nifike kitandani."

Alirudishwa kwenye chumba cha upasuaji jioni hiyo. Mguu wake ulipona ukiwa mfupi kuliko mwenzake kwa upana wa vidole viwili. Matroni aliandika kwenye ripoti kwamba mgonjwa aliteleza. Kisha akamwazima Waithera saa ya mkono ambayo mshale wake wa sekunde ulikuwa mwekundu.

Basi Waithera akawa anangoja. Saa nne inapofika hawezi kula, kwa kuwa wagonjwa wanageuzwa. Alingoja mzunguko uishe. Uzito uligeuza peke yake, kwa vile yeye alikatazwa kunyanyua, na ulimaliza saa sita kasoro dakika tano. Dakika tano hazitoshi kwa tumbo la ukubwa wa ndizi, ukiharakisha unatapika. Saa sita ikaingia. Akangoja tena. Flaski ilirudi nyumbani na uji ule ule, umepata ngozi juu.

Asipokula alipungua, na alichopungua kilikwenda kule kilikokwenda siku zote. Uzito ulinenepa. Kufikia mwezi wa nane ulikuwa na kifua cha kujaza mlango, na uliweza kumbeba mgonjwa kila mkono. Wagonjwa waliupenda kwa kuwa ulikuwa na joto, na mwezi wa nane Nakuru ni baridi. Watu wenye maumivu waliomba kuushika kiganja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakusema mzigo wako mwenyewe ukiamka na kwenda kazini bila wewe unaitwaje.

Kulikuwa na jambo dogo la lugha, na Waithera aliliona kabla ya wengine. Mwanzoni wadi nzima ilisema ule: ule uzito, ule wa sista. Kisha wakaanza kusema yule. Yule anakuja, muulize yule. Na siku moja kijana aliyevunjika mkono alimtazama Waithera mwenyewe akipita na sinia la dawa, sare imemkaa kama nguo kwenye kamba, akamwambia jirani yake, "Hako kasista, huwa kanafanya nini hapa?" Hakukusudia ubaya. Alitaka tu kujua.

Jioni moja, saa kumi na mbili, ripoti ikiwa imekwisha na jua likiwa linazama upande wa ziwa, Waithera aliukuta Uzito katika chumba cha kuoshea vyombo vya choo. Ulikuwa ukisugua beseni ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Pole na kazi," alisema.

Uzito uligeuka. Ulionekana kama haujui neno hilo linapokelewaje, ingawa hospitali nzima huambiana hivyo kutwa.

"Huchoki?" Waithera aliuliza.

"Nachoka."

"Mbona hukai basi? Kuna kiti hapo."

Uzito ulikitazama kile kiti kwa muda. Kilikuwa kiti cha plastiki cha kijani, mguu mmoja umefungwa bandeji.

"Hukuwahi kunifundisha," ulisema, ukarudi kwenye beseni.

Waithera alisimama pale. Alifikiria miaka kumi na miwili na kujaribu kukumbuka siku moja, hata moja, ambayo aliketi mchana akala huku Matroni akimwona, huku wagonjwa wakimwona, huku mwili wake mwenyewe ukimwona. Hakuipata. Alikumbuka mara alizojisifu. Alikumbuka jinsi alivyowacheka wanafunzi wa uuguzi waliouliza chakula cha mchana ni saa ngapi. Alikumbuka kule Nairobi, kabla ya dawa ya usingizi, alivyouaga mwili ule, kilo zile zote, kwa matusi, akisema nendeni, nendeni, mmenimaliza. Na zilikuwa ni kilo tu, hazikujua pa kwenda isipokuwa mahali pamoja.

Alichukua kitambaa akasaidia kukausha mabeseni. Yalikuwa sita. Aliweza kunyanyua mawili.

Mwezi wa tisa hospitali ilileta mashine ya vidole langoni, na kitabu cha Naftaly kikawekwa kabatini. Mashine ilitambua kidole kimoja kwa jina moja, mara moja kwa siku. Uzito ulifika saa moja kasoro kumi, ukabonyeza, taa ikawa kijani. Waithera alifika saa moja na nusu, kwa kuwa siku hizi kupanda mlima kutoka barabarani kulimchukua muda, akabonyeza, taa ikawa nyekundu. Mashine iliandika: UMESHAINGIA.

"Aki sista, mimi singekuzuia," Naftaly alisema. "Lakini hii kitu haisikii."

"Matroni anasemaje?"

"Nimempigia. Anasema Wadi Nne iko na watu wawili kwa rota na hakuna mtu amelalamika. Anasema ungoje na wageni. Wageni wanaingia saa saba."

Waithera alisema ni sawa. Akaketi kwenye benchi la wageni, chini ya mabati, kati ya mwanamke mwenye ndizi kwenye mfuko na mzee aliyekuja kuona mjukuu. Akaweka flaski mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi mbele ya watu saa za kazi tangu apate diploma. Hakuna aliyemwita. Upepo uliingia na vumbi la machimbo, na mwanamke mwenye ndizi akasogea kumpa nafasi, ingawa nafasi aliyohitaji ilikuwa ndogo.

Alifungua kifuniko, akamimina uji nusu kikombe. Ulifuka moshi. Alikuwa na saa nyingi za kula, akiwa ameketi, kama barua ilivyosema.

"Kunywa, sista, itapoa," Naftaly alimwambia kutoka kibandani.

"Saa ngapi saa hii?"

"Nne kamili."

"Ngoja kwanza. Wanageuzwa."

Akashika kikombe kwa mikono miwili na kuanza kuhesabu kimoyomoyo, kitanda kwa kitanda, goti kwenye godoro, mkono chini ya nyonga. Alianza na cha tisa, cha Mzee Gathogo, ambaye bado alikuwa wadini akijifunza kutembea kwa mguu mfupi, kisha akaendelea na wengine, bila kumruka mtu. Alipomaliza wa ishirini na sita aliuliza tena saa.

"Sita kasoro tano," Naftaly alisema. "Sasa kunywa."

Waithera aliutazama uji. Ulikuwa umepata ngozi. Aliurudisha kwenye flaski taratibu, tone lisimwagike, akafunga.

"Saa sita wanaanza tena," alisema.