Kivumbasi Kilichonyolewa

Kinyozi akishikwa na wasiwasi hunyoa. Siku ile vichwa vya mtaa mzima vilikuwa vimeshapita mikononi mwake, hakikubaki hata kimoja, kwa hiyo Mstari alikinyoa kivumbasi.

Jina la Mstari alipewa na wateja, kwa jinsi alivyojua kupiga mstari wa paji la uso ukanyooka kama umepigiwa rula. Wasiwasi alipewa na mama mkwe, aliyepiga simu asubuhi kwa sauti ya mtu anayeagiza sabuni: "Kesho nakuja kuona mjukuu wangu atazaliwa mahali gani. Pakinipendeza, sawa. Pasiponipendeza, narudi na binti yangu akajifungulie kwangu."

Mstari aliijua safari ya namna hiyo. Mke wa rafiki yake, fundi baiskeli, alikwenda kujifungulia kwao. Mtoto alirudi anatembea, na alipomwona baba yake akakimbia akidhani ni muuza maji.

Basi alipiga deki, akasugua sufuria mpaka matako yake yakang'aa. Alipotoka nje akakikuta kivumbasi pale mlangoni, kimejiachia, matawi yamelala njiani. Kila aliyeingia kilimpangusa nguo, naye akafika ndani ananukia. Kwa Mstari, kile kilikuwa kichwa cha mlevi mlangoni mwa kinyozi. Akashika mkasi, akakipunguza pembeni, akakisawazisha juu, kisha akakizungushia mawe na kuyapaka chokaa ili mtu asikiguse. Matawi aliyoyakata aliyashindilia kwenye gunia. Gari la taka lilikuwa limeshapita, akalisukuma gunia chini ya benchi la wateja, katika chumba cha mbele alichokifanya saluni.

Mkewe alirudi kutoka kliniki, tumbo limetangulia, akasimama kutazama.

"Umekifanyaje?"

"Nimekinyoa."

"Kilikuomba?"

"Mama akija ataona nyumba ina mwenyewe."

"Ataona kivumbasi kina kipara," alisema mkewe, akaingia ndani bila kuguswa na jani hata moja.

Mama mkwe alifika kesho yake alasiri. Alikuwa amepika miaka mingi kwenye shule ya bweni, na mpaka leo kila chumba alikitazama kana kwamba kimejaa watu wenye njaa. Pale mlangoni alisimama kidogo, akayaangalia mawe meupe, akapita. Mstari akajipongeza moyoni.

Jua lilipoanza kuzama, mbu wakaingia sebuleni bila hodi.

"Mwanangu," aliuliza mama mkwe, akijipiga kofi la mkono, "hawa nao ni wapangaji?"

"Hapana, mama. Ni leo tu."

Kofi la shingo. "Ahaa. Wamekuja kunipokea."

Kofi la mguu. Kisha akamgeukia binti yake. "Una nguo nyingi, au begi langu litatosha?"

Mkewe alimtazama Mstari, na safari hii machoni mwake hamkuwa na utani. Mstari alisingizia mteja, akatoka. Bahati nzuri mteja alikuwepo kweli: fundi baiskeli, kwenye benchi, anajipepea kwa kofia.

"Vipi, mkwe katulia?"

"Anapima begi."

"Pole. Wangu mimi alirudi anatem..."

"Umeshaniambia. Kaa kwenye kiti."

Mashine ilikuwa imefika katikati ya kichwa fundi alipoongea tena. "Ila kwako leo raha. Karakana kwangu mbu wanataka kuninyanyua. Hapa nimekaa, nimepigapiga visigino chini ya benchi nikikungoja, hata mmoja sijamsikia."

Mstari alizima mashine. Akavuta pumzi. Chumba kizima kilinuka kile alichokifukuza mlangoni.

Hapo hapo pazia likafunuliwa. "Mwanangu, nimekuja tuelewane kuhusu safari ya..." Mama mkwe hakumaliza. Alinusa, akainama, akalivuta gunia. "Na hili?"

"Ndiyo dawa yake ya mbu hiyo, mama," fundi alidakia, akimkonyeza rafiki yake kupitia kioo. "Huyu bwana anajua kujipanga."

Uongo ulikuwa umeshaandaliwa, tena wa moto. Kilichobaki ni kuupokea tu. Mstari alimtazama mama mkwe, akaona aibu kujenga nyumba ya mtoto wake juu ya gunia la taka.

"Ni takataka, mama. Nilikinyoa ili ukija upapende. Sikujua kazi yake."

Mama mkwe alikaa kwenye benchi, akacheka mpaka akajifuta macho. "Mbegu zake nilimfungia binti yangu kwenye pindo la nguo siku alipokuja kwako. Mimi nilizipata kwa mama yangu. Kule shuleni niliyakausha majani nikayatia kwenye magunia ya maharage, wadudu wakahama. Lakini kina tabia yake: kisipoguswa, kinalala. Ndiyo maana tunakipanda mlangoni, watu wakisugue wakipita. Wewe umekijengea ukuta."

"Nitauvunja."

"Utauvunja. Kwanza lete kamba."

Kamba haikuwepo. Fundi baiskeli, nusu kipara nusu kichaka, alikimbia karakana akaleta vipande vya mpira wa tairi la ndani. Wakafunga vishada, wakavitundika madirishani. Majani mengine wakayafikicha wakasugulia mapazia na miguu ya kitanda. Mbu hawakwisha. Mama mkwe mwenyewe alisema kivumbasi hakiui mbu, kinawakera tu, na chandarua kikatundikwa vilevile. Lakini waliobaki walikuwa wachache, nao walikuwa na adabu.

"Mama," aliuliza mkewe polepole, "begi je?"

"Lifungue. Nguo zangu ziweke kabatini. Huyu anasema kweli hata akichomekewa uongo, utajifungulia hapa." Akanyoosha miguu. "Na mimi nitakuwepo mpaka mtoto atembee."

Asubuhi mawe meupe hayakuwepo tena. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye benchi, na mteja wa kwanza alipokizunguka kivumbasi ili asichafue suruali, alirudishwa mpaka barabarani.

"Pita vizuri, baba. Kiguse."

Mteja akamtazama Mstari. Mstari akamtazama mkewe, aliyekuwa dirishani na kikombe chake, anacheka. Mstari akaweka mkasi chini, akatoka nje, akampita mteja na kuingia tena taratibu, suruali yake ikiyaburuza majani.

"Hivyo," akasema.