Usukani wa Merv

Mume wangu aligonga ukuta wa zege saa tano asubuhi, ndani ya duka la vifaa vya umeme, akiwa ameketi kwenye kiti. Mbele yake palikuwa na skrini kubwa, mikononi alishika usukani wa gemu, na miguuni palikuwa na pedeli zilizofungwa kwenye ubao. Ukuta wenyewe ulikuwa wa kwenye skrini tu, lakini alivyoshtuka, mabega yakampanda hadi masikioni, ungedhani ametupwa nje kupitia kioo. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mkoba wangu, miguu inaniuma.

"Mungu wangu, Merv," nikasema, "hata humu?"

Ilikuwa Agosti, miaka saba iliyopita, na nilikuwa nimemchoka kuliko nilivyowahi kumchoka katika miaka arobaini na moja ya ndoa yetu.

Mwezi Aprili wa mwaka ule moyo wake ulimzimisha mara mbili. Mara ya kwanza alianguka bustanini kwenye mawaridi yangu. Mara ya pili alilala mezani, uso ndani ya sahani ya mchuzi, nami nikadhani ananitania. Daktari akaandika barua, leseni ikaenda. Kumnyang'anya mtu leseni hapa kwenye mji wetu wa Bathurst ni kumvua nguo sokoni, na kwetu sisi ilikuwa zaidi ya hapo, maana tunaishi Conrod, kwenye ule mteremko mrefu wa Mlimani, barabara ambayo pia ni njia ya mashindano ya magari. Kila Oktoba magari ya mashindano hupita mbele ya geti letu yakivuma kama yanataka kung'oa paa. Siku nyingine zote ni barabara ya watu, ya kwendea na kurudia, mwisho kilomita sitini kwa saa. Merv alipunga bendera za kuwaonya madereva wa mashindano katika kona za juu miaka thelathini bila kulipwa senti. Kushindana hakuwahi. Raha yake ilikuwa kurudi kutoka mjini na pikapu yake ya Holden, kiwiko dirishani, taratibu, mpaka nyumbani.

Wazo la usukani lilikuwa la Kerrin, binti yetu anayeishi Newcastle. "Mama, mnunulie usukani wa gemu," aliniambia kwenye simu. "Mlima wote umo humo ndani, kila kona. Atatulia."

Tukakubaliana mezani, mimi na Merv, tukapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe: siku usukani utakapoingia nyumbani, pikapu inatoka. Ufunguo nikauweka kwenye mkoba wangu, na mkoba haukunitoka begani hata nikienda msalani.

Basi hapo ndipo yalipoanza. Usukani wa kwanza, Merv akasema ni mwepesi, kama unashika sahani ya bati. Wa pili, pedeli zake za plastiki. Wa tatu tulifika nao hadi kwenye foleni ya kulipia, akaugeuza, akaurudisha rafuni.

"Boksi lina picha ya Ford," akasema, na kwa mtu wa Holden Ford ni adui.

"Kwani utaendesha boksi?"

"Siingizi Ford kwenye nyumba aliyoijenga baba yangu, Noelene. Hata ya karatasi."

Wa nne gia yake ilikuwa mkono wa kulia. "Nimekuwa Mmarekani mimi?" akauliza duka zima.

Miezi minne ya namna hiyo. Alisoma maoni ya watu mtandaoni mpaka macho yakawa mekundu. Alinijulisha wakati wa chai tofauti ya usukani unaozungushwa kwa mkanda na ule wa giaboksi, na kwa nini usukani mzuri sharti upigane na mkono wako. Na kila asubuhi alitoka na kitambaa akaipangusa pikapu, boneti, vioo, hadi vifuniko vya magurudumu, kama mtu anayemwosha mgonjwa. Mimi si mjinga. Nilijua kila kasoro aliyoipata kwenye usukani ilikuwa wiki moja zaidi ya kubaki na ile pikapu. Lakini kujua si kuvumilia. Niliogopa, na woga ule uligeuka hasira kwa sababu hasira ni rahisi kubeba. Niliona kwamba siku moja mzee yule atapata namna ya kuingia kwenye lile gari, moyo utazima barabarani, na hataumia peke yake. Jirani yetu Dulcie, mwenye miaka themanini, humtembeza mbwa wake pembeni ya barabara ile ile, mbele ya geti letu, kila siku ya Mungu.

Ndiyo maana Agosti ile nilimwambia, "Merv, ni leo au sikupeleki tena." Tukaenda na kigari changu. Dukani tulimkuta binti anayeitwa Tahlia, mvumilivu kuliko mimi, akamketisha kwenye kiti cha majaribio, akamtafutia Mlima na kumwekea barabara tupu isiyo na wapinzani.

"Haya mzee, kanyaga."

Merv hakukanyaga. Aligeuza gari polepole, akatazama kule ambako magari ya mashindano hutokea. Skrini ikawaka maandishi mekundu: anakwenda kinyume.

"Mzee, umegeuka. Njia ni kule."

"Kule ni kwa wanaoshindana," Merv akasema. "Mimi natoka mjini."

Akaipita kona ya chini, akaanza kupanda Conrod kwa kilomita hamsini, upande wa kushoto, maandishi mekundu yakimwakia usoni. Tahlia alinitazama, nikainua mabega. Kisha Merv akapunguza mwendo, akakata kushoto, akagonga ukuta.

Akarudi nyuma, akakata tena. Akagonga tena.

"Hapa pana geti," akasema. "Wamelisahau geti letu."

"Humo hakuna nyumba za watu, mzee," Tahlia alisema kwa upole. "Ni mashindano tu."

Merv aliutazama ule ukuta, na pua ya gari iliyobonyea, kwa muda mrefu hata mteja aliyekuwa akingoja zamu akaondoka. Kisha akaachia usukani, akaingiza mkono ndani ya koti, akanyoosha kiganja kwangu bila kugeuka. Kilikuwa na ufunguo.

"Shika."

"Ufunguo ninao mimi."

"Huo ni mmoja."

Nilidhani sikuelewa. Nikafungua mkoba, wangu ulikuwamo. "Umeendesha?"

"Jumatano. Ukiwa klabuni kwenye mchezo wako wa matufe."

"Mara ngapi?"

"Nne." Akafikiri. "Tano. Hadi kwa muuza magazeti na kurudi."

"Na moyo?"

Hapo ndipo aliponigeukia, na uso wake sijausahau. "Mara ya mwisho sikumbuki kuingia getini," akasema. "Nilikuwa barabarani, halafu nikajikuta uani, injini inanguruma. Hapo katikati hakuna kitu."

"Dulcie alikuwa wapi?"

"Sijui, Noelene. Ndiyo nakwambia, sijui."

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo sikujua kama ninayajua, mbele ya mafriji na mashine za kufulia, na watu wakaja kutazama. Miezi minne ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, anajadili mikanda na giaboksi, na kifo kimo mfukoni mwake! Alisikiliza yote akiwa ameketi, mikono magotini. Nilipoishiwa pumzi, Tahlia maskini akakohoa.

"Kwa hiyo... usukani?"

"Usitujali, mwanangu, tunaondoka," nikasema.

"Tunauchukua," akasema Merv.

"Huu nao gia yake iko kulia," nikamwambia huku nimeuma meno.

"Nitazoea. Ahadi ni deni."

Njiani alikaa kando yangu amepakata boksi, kidevu juu yake, na funguo zote mbili nilikuwa nimezihamishia mfukoni, zikinichoma paja. Tuliipita kona ya chini, tukapanda Conrod. Dulcie alikuwa pembeni na mbwa wake, akatupungia mkono. Nikapunguza mwendo, nikawasha indiketa ya kushoto, na mbele ya geti mikono yangu ikakataa kukata kona. Nikasimamisha gari palepale, nusu barabarani, nikalia kwa sauti kama mtoto. Kwa hasira, naomba ieleweke. Machozi ya namna nyingine yalikuja baadaye.

Merv alinyoosha mkono kupitia juu ya boksi, akabonyeza taa za tahadhari, kisha akageuka kutazama nyuma kama kuna gari linakuja.